Naomba ushauri: nikisimama mbele ya watu kujiamini kote kunayeyuka

Wakuu, habari zenu. Kazi yangu naijua vizuri, na tukiwa wawili watatu naongea bila shida. Tatizo ni nikiambiwa nisimame kwenye kikao: mdomo unakauka, karatasi inatetemeka hadi waliokaa mbele wanaiona, sauti inakuwa nyembamba kama ya mtu anayeomba radhi. Najua ni adrenalini tu, ile homoni mwili unayotoa ukiwa na hofu, moyo kwenda mbio ni kawaida, ila kujua hivyo hakunisaidii kitu. Wengine wananiambia nijifanye najiamini. Mimi hapo naona majivuno yananukia. Kukariri nako hapana, neno moja likinitoka yote yamekwisha. Mliopitia haya, mlianzia wapi? Na mwenyekiti nimwambie mapema, au ninyamaze tu?