Nani apige chapa ya karati kwenye dhahabu yetu: muuzaji, au mpimaji asiyeuza?

Mwanzisha mada, Busia

Ndugu zangu, mwezi uliopita mama yangu mkubwa alitoa mkufu wake wa harusi uuzwe ili wajukuu wapate karo. Mkufu huo ulinunuliwa Kampala, katika duka lenye vioo na taa, na karibu na kishikizo chake umepigwa namba 750, yaani dhahabu ya karati 18, ambayo katika sehemu 1,000 ina sehemu 750 za dhahabu safi. Sonara wa hapa mjini aliusugua kwenye jiwe lake jeusi, akadondosha tindikali juu ya mstari, na mstari ukafifia mbele ya macho yetu. Kwa makisio yake, mkufu hauzidi karati 9. Risiti tuliyokuwa nayo iliandikwa "mkufu wa dhahabu", bila karati wala uzito.

Duka silitaji, kwa kuwa ninaloliuliza ni pana kuliko duka moja: namba ile 750 ilipigwa na nani, na kwa idhini ya nani? Mtu yeyote mwenye nyundo na kipande cha chuma kilichochongwa anaweza kuipiga. Mkufu wa gramu 10 wa karati 18 una gramu 7.5 za dhahabu safi, ilhali wa karati 9 una gramu 3.75. Kwa hiyo mama mkubwa alilipia nusu ambayo hakupewa, akaivaa shingoni miaka yote hiyo akiamini kwamba ni akiba yake.

Rai yangu ni kwamba chapa ya usafi ipigwe na mpimaji asiyenunua wala kuuza, na kwamba muuzaji awajibike kwa pambo lililotoka mkononi mwake hata kama yeye siye aliyelitengeneza. Hili si jambo geni duniani. Uingereza ilikuwa na sheria ya usafi wa dhahabu na fedha tangu mwaka 1300, na kwa Sheria ya Chapa ya mwaka 1973 pambo la dhahabu linalozidi gramu 1, au la fedha linalozidi gramu 7.78, haliruhusiwi kuuzwa kwa jina la dhahabu au fedha mpaka lipimwe na kupigwa chapa na mojawapo ya ofisi nne, zilizopo London, Birmingham, Sheffield na Edinburgh. Chapa hiyo hutaja aliyelileta pambo, kiwango cha usafi, na ofisi iliyopima, na duka hulazimika kubandika tangazo linalomfafanulia mnunuzi maana ya alama hizo. India ilianza kwa hiari mwaka 2000, ikafanya lazima mwezi Juni 2021 katika wilaya 256 za kwanza, na tangu tarehe 1 Aprili 2023 duka haliuzi pambo la dhahabu linalohusika bila msimbo wa tarakimu na herufi sita ambao mnunuzi huuhakiki kwa simu yake. Usafi ukionekana umepungua, sonara humlipa mnunuzi mara mbili ya thamani ya upungufu, pamoja na gharama za kupima.

Sisi tunachimba dhahabu hapa Busia, Mubende, Buhweju na Karamoja, na dhahabu imeipita kahawa katika mapato ya bidhaa tunazouza nje. Sioni kwa nini mama wa Uganda awe wa mwisho kujua alichokinunua.

Sonara, Jinja

Binti yangu wa Busia, pole kwa yaliyomkuta mama mkubwa. Aliyempigia namba ya uongo ni mwizi, na sitamtetea kwa sababu tu tunashika nyundo ya aina moja. Lakini nakuomba utazame kazi ya karakana ndogo kabla hujatuwekea sheria ya London.

Wateja wangu wengi hawanunui pambo jipya. Huniletea bangili ya bibi, hereni moja iliyobaki baada ya mwenzake kupotea na pete iliyokatika, wakaniambia niyeyushe vyote nitoe seti moja ya binti anayeolewa. Ndani ya kalibu kunaingia dhahabu ya karati 22 kutoka kwa mmoja, ya karati 14 kutoka kwa mwingine, na kinachotoka hakilingani na namba yoyote ya kwenye orodha. Nikikipeleka kwa mpimaji nitaambiwa nikishushe mpaka kiwango cha chini kinachofuata, ingawa mteja amepata dhahabu yake yote kwa uzani, mbele ya macho yake. Je, hapo nimemdhulumu nani?

Lipo pia suala la lehemu, yaani metali tunayoiyeyusha kuungia vipande vya pambo. Ili iyeyuke kabla ya mkufu wenyewe, lehemu mara nyingi huwa na dhahabu kidogo kuliko mkufu. Mkufu wa vipete vidogo una viungo vingi, na kila kiungo hushusha wastani. Pambo likiyeyushwa lote na kupimwa, linaweza kusoma chini ya 750 hata kama bamba nililoanzia lilikuwa 750 kamili. Ukinitoza faini kwa lehemu, umeniadhibu kwa kanuni ya moto.

Gharama nayo ipo. Ofisi ya kupimia ikiwa Kampala pekee, fundi wa Arua au Kabale atafunga safari na dhahabu ya watu mfukoni kwa ajili ya pete mbili. Nauli itakula faida, na njiani kuna hatari ambazo sihitaji kuzieleza.

Mwanasheria, Kampala

Naomba niwakumbushe wenzangu kwamba hatuanzi kutoka sifuri. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017 inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Anayeuza mkufu wa karati 9 kwa jina la karati 18 amekwisha kuvunja mkataba, hata kama nchi haina ofisi ya chapa. Leseni ya sonara nayo ilikuwamo katika Sheria ya Madini ya mwaka 2003, kwa hiyo wazo la kwamba kazi hii isimamiwe ni la zamani kwetu.

Tatizo la mama mkubwa ni ushahidi. Risiti yake haikutaja karati, na ile namba ya kishikizoni, duka linaweza kudai kwamba lilinunua pambo likiwa nayo tayari. Mimi ningeanzia hapo, kwa gharama ndogo kabisa: kila risiti itaje uzito kwa gramu, usafi kwa namba, na jina la duka, na iwapo pambo ni la kuchovya, yaani lililopakwa dhahabu juu tu, iandikwe hivyo waziwazi. Ofisi mpya inaweza kusubiri.

Muuza mapambo ya fedha, Arua

Mnazungumzia dhahabu peke yake, ilhali udanganyifu mkubwa zaidi ninaouona mimi uko kwenye fedha. Zinaletwa bangili zimepigwa 925, yaani sehemu 925 za fedha katika 1,000, na ukizikwangua ndani ni shaba nyekundu, au ule mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki unaoitwa fedha ya Kijerumani, ambao hauna fedha hata chembe. Wateja wenye ngozi isiyovumilia nikeli huwashwa na kutoka vipele, kisha hunirudia mimi niliyewauzia. Nilinunua kwa jumla, kwa nia njema, nami sina mashine. Chapa ya mpimaji ingenilinda mimi muuzaji kabla haijamlinda mteja.

Mwanzisha mada, Busia

Mzee wangu wa Jinja, hoja ya lehemu sikuijua, na nimeikubali. Hoja ya pambo la familia nayo naikubali: fundi anayemrudishia mteja dhahabu ya mteja mwenyewe hajauza dhahabu, ameuza kazi ya mikono, na kazi hiyo isidaiwe chapa mpaka siku pambo litakapoingia sokoni. Hata India haikumbana kila mtu, kwani ilisamehe mapambo yasiyofika gramu 2 na masonara wenye mauzo yasiyozidi rupia milioni 4 kwa mwaka.

Wakili, nakubaliana nawe kuhusu risiti, ila siwezi kuishia hapo. Risiti ni neno la muuzaji lile lile, limehama tu kutoka kwenye chuma kwenda kwenye karatasi. Mtu aliyethubutu kupiga 750 ya uongo atashindwaje kuiandika? Isitoshe, mnunuzi hawezi kuhakiki mwenyewe. Mashine ya miale ya eksi husoma ngozi ya juu tu ya pambo, hivyo mchovyo mnene unaweza kuipotosha. Kipimo cha kuaminika ni kile cha moto, ambapo sampuli hufungwa katika risasi na kuchomwa ndani ya kikombe kinachonyonya metali duni, kisha fedha iliyobaki huondolewa kwa tindikali ya nitriki na dhahabu ikapimwa uzito peke yake. Hakuna mama atakayefanya hayo jikoni.

Shirika la viwango, UNBS, tayari hukagua mizani ya sokoni na pampu za mafuta. Yule anayehakikisha kwamba lita ni lita aongezewe kazi ya kuhakikisha kwamba karati ni karati, na mpimaji azifuate karakana za Arua, Mbarara na Mbale kwa ratiba, badala ya mafundi kumfuata Bweyogerere, yaliko makao makuu ya UNBS. Kwanza, kila sonara asajili alama yake mwenyewe na kuipiga kwenye kazi yake, ili pambo likionekana bovu tujue mlango wa kubisha. Chapa ya mpimaji ifuate, ikianza na maduka makubwa na mapambo yanayoingizwa kutoka nje.

Sonara, Jinja

Alama yangu nitaisajili hata kesho, binti yangu, kwa sababu kazi yangu naijua. Lakini kanuni itaje lehemu kwa jina, iseme usafi wake wa chini ni upi na sampuli itakwanguliwa sehemu gani ya pambo, na mafundi tuwepo mezani inapoandikwa. Ikiandikwa na watu ambao hawajawahi kuunga mkufu, nitaipinga hadharani.