Sauti Sol wanne pamoja au kila mtu kivyake: mngepiga ipi kwenye sherehe?

Kondele_Besi (Kisumu)

Wadau, hamjambo. Mwisho wa mwezi dada yangu ana sherehe hapa Migosi, na kazi ya muziki nimeachiwa mimi. Wageni ni rika letu, waliokuwa vijana wimbo wa Lazizi ulipoanza kupigwa kwenye matatu, pamoja na watoto wao na wazazi kadhaa. Dada anaipenda Sauti Sol, bendi ya Bien, Savara, Chimano na Polycarp, tangu albamu ya Mwanzo, 2008, kwa hivyo nani atawale usiku huo hilo limeshaamuliwa. Ninachouliza ni hiki: nipige bendi pekee, nipige kazi walizotoa kila mtu kivyake, au nichanganye?

Nimekaa nikazisikiliza zote upya kwa utaratibu. Upande wa bendi kuna Mwanzo, Sol Filosofia ya 2011, Live and Die in Afrika ya 2015, Afrikan Sauce, na Midnight Train ya 2020. Upande wa pili kuna Bien na albamu yake ya 2023, Alusa Why Are You Topless?, Savara na vibao kama Sababisha, Chimano na Heavy Is the Crown, na Polycarp na Father Studies.

Maoni yangu nayasema wazi. Kazi za kila mtu ni nzuri. Inauma ya Bien ni wimbo mzito, na Sababisha inamwinua mtu kitini. Lakini nikirudi kwenye Nishike au Sura Yako za bendi, nasikia kitu ambacho sikipati kwa yeyote kati yao akiwa peke yake, na naona ugumu kukieleza. Si kipaji, maana kipaji kila mmoja ameondoka na chake. Nisaidieni.

Section58 (Nakuru)

Omera, mimi natetea upande wa pili. Bien ameshika jukwaa peke yake na watu wamemfuata. Sikiliza Dimension aliyoimba na Fally Ipupa. Ile si kazi ya mtu anayehitaji kubebwa. Watu wanalinganisha miaka karibu ishirini ya bendi, tangu 2005, na miaka michache ya mtu mmoja. Mizani hiyo haiko sawa. Halafu kumbukumbu zetu za ujana ndizo zinazopiga kura hapa, si masikio. Mtoto wa miaka kumi na tano leo Nakuru anamjua Bien kwanza, Sauti Sol anaijua baadaye. Mpe yeye wimbo wa Bien na wimbo wa bendi bila kumwambia ni za lini, uone atachagua upi.

MwalimuWaKwaya (Kakamega)

Ndugu Section58, mimi kila muhula nina watoto wa umri huo mbele yangu, na wimbo wanaoomba kujifunza ni Kuliko Jana. Sitasema hilo linamaliza hoja, lakini acha nieleze kile ambacho Kondele_Besi anakitafuta, maana ni eneo langu la kazi.

Bien, Savara na Chimano walifunzwa kuimba pamoja katika kwaya ya shule, Upper Hill pale Nairobi. Walianza bila ala, sauti tupu, kabla Polycarp hajaingia na gitaa lake baada ya kukutana Alliance Française. Watu waliokulia kwaya moja hufunga irabu kwa namna moja. Wakiimba "a" midomo inafunguka kwa kiasi kilekile, pumzi wanaivuta mahali pamoja, na neno linaisha kwa wote katika pigo moja. Huwezi kukodi watu wakupe hilo kwa siku moja studioni.

Tafuta toleo la Kuliko Jana waliloimba na RedFourth Chorus. Funga macho, msahau Bien kidogo kwa sababu sauti yake inakimbilia mbele na kukuteka. Mfuate Chimano, yule wa katikati na chini. Mstari wake peke yake huenda usingekushtua. Sasa mwondoe kichwani, uone wimbo unavyobaki na shimo. Savara naye hupanda juu kwa sauti nyembamba ambayo, ikiwa peke yake kwa dakika nne, inaomba kitu cha kuegemea. Kwenye bendi kitu hicho kipo tayari.

Msanii wa peke yake kwa kawaida hujirekodi mara kadhaa, sauti yake juu ya sauti yake. Hiyo hutoa unene. Haitoi msuguano, kwa sababu koo ni moja, na mawimbi ya koo moja yanalingana kupita kiasi. Raha ya sauti tatu ni kwamba hazilingani kabisa. Zinagusana, zinasukumana, na sikio linaisikia ile nafasi ndogo iliyo kati yao. Huko ndiko Nishike ilipo.

Jua_la_Dunga (Kisumu)

Mwalimu, asante, nimeisikiliza Kuliko Jana upya kwa simu na kweli Chimano nilikuwa simsikii kabisa miaka yote hii.

Lakini kanuni hii haifanyi kazi kila mahali. Rapa Nyashinski alitoka kwenye kundi la Kleptomaniax, watatu na Collo na Roba. Akakaa Marekani miaka mingi, akarudi 2016 na Now You Know, halafu Malaika ikafuata, na leo wengi wanamweka juu ya kundi alilotokea. Nami nampenda zaidi akiwa peke yake, naona alikomaa. Upande mwingine kuna kundi la rapu la P-Unit. Frasha, Gabu na Bon'Eye walipokuwa pamoja hakuna sherehe ingewakosa, na baada ya kuachana hakuna hata mmoja aliyefika pale tena. Tofauti ni nini? Nadhani rapu humruhusu mtu kuondoka na kila kitu chake, mistari ni yake na pumzi ni yake. Ila P-Unit walikuwa wakirushiana maneno, mmoja akimalizia alichoanza mwenzake. Mchezo huo hauchezwi na mtu mmoja.

MzeeWaSanturi (Nakuru)

Wanangu, mmenifurahisha. Naingia na bendi ya rika langu, na swali lenu nalibadilisha kidogo.

Simba Wanyika ilianzishwa Nairobi mwaka 1971 na ndugu wa Kinyonga, Wilson na George, watu wa Tanga waliopitia Arusha. Novemba 1978 bendi ikapasuka. Angalieni waliotoka: Tom Malanga wa besi, Rashid Juma wa ngoma, Issa Juma wa sauti, Phoney Mkwanyule, pamoja na Omar Shabani wa gitaa la ridhimu. Hao ndio waliounda Les Wanyika. Wakampata John Ngereza, mwimbaji na mpiga gitaa, wakajifungia kwenye mazoezi miezi sita kabla ya kuanza kupiga Garden Square. Kisha ikatoka Sina Makosa, ambayo hata watoto wenu wanaijua bila kujua wameifahamu wapi.

Wengi huisimulia habari hii kama ya nyota aliyejitenga na kufanikiwa. Sivyo. Walioondoka ni mtambo mzima. Besi, ngoma na ridhimu zilihama pamoja, wakiwa tayari wanajuana mikono. Sikilizeni Malanga kwenye Sina Makosa: anapiga noti chache, halafu ananyamaza, na kimya chake kinajazwa na ridhimu ya Shabani bila kugombana. Malanga hakuogopa kuacha nafasi wazi kwa sababu alijua nani ataijaza. Mpiga besi aliyekodiwa jana hujaza kila mahali, maana hamjui mwenzake. Nimesikia bendi nyingi zenye wapigaji hodari kuliko hao, mmoja mmoja, na hazikunipa ile starehe.

Ndugu wa Kinyonga nao hawakufa kimuziki. Waliojaza pengo waliingia kwenye nyumba yenye msingi wa ndugu, na Simba Wanyika iliendelea kurekodi mpaka miaka ya 1990. Issa Juma baadaye akaunda Super Wanyika Stars, na Sigalame ya 1983 ikatikisa nchi. Hata yeye aliunda bendi. Hakusimama na jina lake pekee mbele ya wapigaji wa kukodi.

Kwa hiyo mimi siwalaumu vijana wa Sauti Sol kwa kutengana. Ninachosikitikia ni kwamba walitoka mmoja mmoja. Wangetoka wawili wawili, labda leo tungekuwa na ubishi mwingine kabisa.

Section58 (Nakuru)

Mzee, shikamoo. Hapo umenigusa, na nina ushahidi wa kukuunga mkono kutoka upande wangu mwenyewe. Kazi ya Bien ninayoipenda kuliko zote nje ya bendi ni ile aliyofanya na mpiga kinanda Aaron Rimbui, Bald Men Love Better. Sikuwa nimejiuliza kwa nini. Sasa naona ni kwa sababu wawili hao wanasikilizana. Kinanda kinamjibu Bien, wakati mwingine kinamkatiza, na Bien anaimba kwa utulivu kuliko kwenye nyimbo za peke yake. Bado nasema Bien ni mkubwa. Lakini ninakubali kwamba ni mkubwa zaidi akiwa na mtu wa kumjibu.

NyarMilimani (Kisumu)

Kuna jambo moja hamjaligusa. Bendi pia huficha watu. The Beatles walipoachana 1970, George Harrison akatoa albamu ya santuri tatu mwaka huohuo, All Things Must Pass. Kwenye bendi Lennon na McCartney ndio waliokuwa na nafasi kubwa ya utunzi, yeye akipata nyimbo chache tu kwenye albamu nzima. Nyimbo zilikuwa zimemjaa kifuani. Kwake yeye kuachana kulikuwa mlango.

Naona hivyohivyo kwa Polycarp na Chimano. Kwenye bendi Polycarp alisimama pembeni na gitaa, watu wakishangilia walio mbele. Father Studies inampa mkono wake uhuru wa kutembea. Chimano naye kwenye Heavy Is the Crown anaimba na kuvaa anavyotaka yeye, muziki wa dansi wenye mng'aro ambao Sauti Sol isingeutoa hata siku moja. Je, ni bora kuliko Sura Yako? Hapana, na sitajidanganya. Ila kuna mtu ndani yake ambaye bendi haikuwahi kutuonyesha, na mimi nilitaka kumfahamu.

Kondele_Besi (Kisumu)

NyarMilimani, hoja yako nimeichukua kwa uzito, imebadilisha orodha.

Nimeamua hivi. Wageni wakiingia na kusalimiana, nitapiga kazi za kila mtu: Father Studies kwanza, maana inaruhusu watu kuongea, kisha Bien na Rimbui. Chakula kikiandaliwa, Sina Makosa, kwa heshima ya Mzee na ya wazazi watakaokuwepo, na Sigalame nyuma yake. Baada ya keki ni bendi tupu: Lazizi, Coming Home, Nishike, Kuliko Jana, Nerea, Isabella, Suzanna, Melanin, na Sura Yako wakati wa kucheza, maana hapa Kisumu hakuna sherehe isiyocheza lipala, ule mtindo wa kucheza wa wimbo huo. Sababisha nitaiingiza katikati pale ambapo vijana wataanza kuchoshwa na wazee.

Nilichojifunza kwa Mwalimu na Mzee ndicho kimenipangia. Mtu akiwa ameketi anaongea na jirani yake, msanii mmoja anamtosha. Watu wakisimama wote na kuanza kuimba, wanahitaji wimbo wenye zaidi ya mstari mmoja, ili kila koo lipate mahali pa kuingilia. Dada yangu huimba sauti ya pili, shemeji huunguruma chini, na mama huenda zake juu popote anapojisikia. Inauma nyumbani kwetu huimbwa na mtu mmoja, wengine wakimtazama. Nerea inaimbwa na sebule nzima.

Jua_la_Dunga (Kisumu)

Weka na Extravaganza. Pale Bensoul, Nviiri, Crystal Asige na Kaskazini wanaingia zamu kwa zamu na bendi haipotei. Ukiwasikiliza utaona Sauti Sol walijua pia kupisha wageni.

MzeeWaSanturi (Nakuru)

Sina Makosa usiikate kabla ya magitaa kuanza kujibizana mwishoni. Madijei wa siku hizi huikata pale uimbaji unapoisha, wakati hapo ndipo Les Wanyika wanapoanza kazi.

MwalimuWaKwaya (Kakamega)

Na mimi nina ombi la kiufundi, Kondele_Besi, nawe jina lako linanitia wasiwasi. Spika za kukodi mara nyingi hufika zimewekwa besi juu kabisa. Kwa Sababisha iache hivyo. Ukifika Kuliko Jana na Nishike, ishushe, uinue kidogo sauti za kati, la sivyo Chimano atazama na utabaki na Bien na ngoma. Jaribu mapema mchana, ukiwa umesimama mahali wageni watakapokuwa, si pale penye mashine.

Kondele_Besi (Kisumu)

Nimekuelewa, Mwalimu. Spika zinakuja saa nane, wageni saa kumi na mbili. Kuliko Jana ndiyo nitakayoijaribia.