Mashine ya boti ya HP 15: tustroku ya kuchanganya oili na petroli, au fostroku yenye oili yake peke yake?

Mvuvi wa Msangamkuu:
Habari za jioni wakuu. Nina boti ya faiba futi 21, tunavua kwa mishipi na nyavu za nguru. Tustroku yangu ya HP 15 imechoka, silinda imelika. Dukani wananishawishi nichukue fostroku, eti hainywi mafuta, ila bei yake imechangamka. Boti tunaivuta mchangani, mashine inabebwa begani mpaka nyumbani. Nichukue ipi?

Fundi wa Mikindani:
Mdogo wangu, kwenye mafuta hawajakudanganya. Tustroku ya kabureta hutoa petroli nyingine mbichi kwenye ekzosi, njia ya moshi, kabla haijaungua, ndio ule utando wa rangi unaouona majini. Ukikokota mshipi taratibu ndiyo inazidi. Fostroku ina vali, petroli haina pa kutorokea.

Lakini begani anabeba nani? Fostroku ya 15 inagusa kilo 50, na lazima ilazwe ubavu ule ulioandikwa kwenye kitabu chake. Ukikosea, oili inapanda kwenye silinda, asubuhi unavuta kamba mpaka mkono unakufa. Vijana wamerudi usiku, wamelowa, nani atakumbuka ubavu?

Halafu kuna kusi, upepo mkali wa kutoka kusini. Boti ikipinduka, tustroku unatoa plagi, unamwaga maji, unasuuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi, unatia oili kidogo, inawaka siku hiyohiyo. Fostroku maji yameshaingia kwenye sampu inakokaa oili, oili imekuwa chai ya maziwa. Utamwaga na kujaza upya mara mbili tatu kabla haijatakata.

Ukichukua ya kuchanganya, lita 20 za petroli kwa mililita 400 za oili ya boti, yenye alama ya TC-W3, si ya bodaboda. Ikiwa mpya, kwanza weka oili mara mbili ya hapo. Na pima kwa chupa. Oili ya kupimwa kwa jicho ndiyo inayonilisha mimi.

Mama Boti, Mchinga:
Shikamoo fundi. Mie nina fostroku ya 40 na siirudishi. Hela ya mafuta inatolewa kwenye mauzo kabla ya mgao, kwa hiyo yakipungua hata mabaharia wanaona mfukoni. Oili nabadilisha kila saa 100 za kazi.

Fundi wa Mikindani:
Marahaba mama. Yako inalala nangani na inakwenda mbali, hapo fostroku imepata kazi yake. Huyu wa mchangani achukue ya kuchanganya, chenji anunue plagi na impela ya akiba, ile ya pampu ya maji ya kupoza mashine. Na kila akirudi azamishe mguu wa mashine kwenye pipa la maji baridi, aiwashe kidogo chumvi itoke.

Mvuvi wa Msangamkuu:
Ahsante mzee wangu. Impela nitaipata Mtwara au niagize Dar?

Fundi wa Mikindani:
Zipo, ila na bandia zimejaa. Njoo na ya zamani mkononi, tulinganishe.