Tupeane uzoefu: filamu gani ya karibuni ilikukalisha mpaka taa zikawashwa?

Kisiki cha Mvule

Habari za jioni wakuu.

Mimi si mchambuzi wa filamu. Nina duka la vifaa vya umeme, nikifunga jioni napenda kupata kitu cha kutazama, na mwezi ukiwa mzuri naenda ukumbini na mke wangu. Natazama chochote: za mapigano, za kutisha, hata katuni za binti yangu. Naomba tupeane uzoefu. Umetazama nini siku hizi, wapi, na nani, na ni kitu gani kilikukalisha au kilikuinua kitini? Naanza mimi.

Sinners, ya Ryan Coogler, iliyotoka 2025. Za mumiani kwa kawaida sizitazami, nilitishwa nazo vya kutosha utotoni. Hii nilikwenda kwa sababu shemeji alisisitiza. Mapacha wawili, Smoke na Stack, wote anawaigiza Michael B. Jordan, wanarudi kwao Mississippi mwaka 1932 wakitokea Chicago na fedha ambazo hutaki kuuliza zimetoka wapi. Wananunua jengo lililokuwa la kupasulia mbao ili wafungue ukumbi wa muziki usiku huohuo. Sehemu kubwa ya mwanzo ni hekaheka za shughuli: huyu anamfuata mpiga kinanda, yule anatafuta wa kukaanga samaki, mwingine wa kuchora kibao. Kama sisi siku ya harusi. Ndiyo maana balaa likifika unaumia, umeshawazoea wote.

Lakini kilichonishika ni mlango. Wale mumiani hawawezi kuingia mpaka wakaribishwe. Wanasimama nje gizani, wanaimba vizuri, wana adabu, wanachoomba ni neno moja tu. Sasa fikiria sisi, hodi ikipigwa "karibu" inatutoka kabla hatujajua ni nani. Mke wangu alinibana mkono, ananong'ona "usiseme, usiseme," anamwambia mtu wa kwenye skrini. Na yule Annie, mama wa mizizi na hirizi, ndiye aliyewaelewa kabla ya wote. Nilimwona bibi yangu mzaa baba pale, jinsi anavyonyamaza kwanza kisha ndipo aseme.

Majina yalipoanza kupita nusu ya ukumbi walisimama, simu zikawaka, makopo ya bisi yakakanyagwa. Sisi tulibaki. Likaja tukio jingine zima, mwaka 1992, Sammie yule kijana wa gitaa sasa ni mzee, na anayemwigiza ni Buddy Guy mwenyewe, mkongwe wa bluzi. Sitasema kinachotokea. Ila kwangu pale ndipo filamu ilipoisha, na wale waliowahi mlangoni hawajaiona.

Mission: Impossible – The Final Reckoning: karibu saa tatu, na saa ya kwanza yote ni maelezo. Nilichoka kabisa. Halafu Tom Cruise akaingia kwenye nyambizi iliyozama, baadaye akaning'inia kwenye kindege cha mabawa mawili, nikasahau uchovu.

Ya tatu ni Inside Out 2, tuliitazama nyumbani na binti yangu wa miaka kumi na mmoja. Riley ana miaka 13, kichwani mwake zinaingia hisia mpya, na Wasiwasi, yule wa rangi ya chungwa, anashika usukani mpaka mtoto anashindwa kupumua. Binti yangu akasema taratibu, "Baba, na mimi huwa hivyo kabla ya mtihani." Miaka yote hiyo sikujua. Nikabonyeza kitufe cha kusimamisha, tukaongea mpaka chai ikapoa. Mwenye mtoto wa umri huo aitafute.

Karibuni, tiririkeni.

Mjukuu wa Rufiji

Shukrani kwa uzi, mkuu.

Yangu ni Flow, katuni ya Latvia, ndiyo iliyochukua Oscar ya katuni 2025. Haina neno hata moja tangu mwanzo. Paka wa rangi ya giza, maji yanapanda yanafunika kila kitu, anaokolewa na mashua, humo anakutana na kapibara (panya mkubwa kama mbuzi, mpole), mbwa, mnyama kama komba mwenye mkia wa milia anayekusanya vioo na vikombe, na ndege karani, yule wa miguu mirefu anayewinda nyoka mbugani kwetu.

Niliitazama na bibi. Alikuja Dar kutolewa mtoto wa jicho, siku ya nne baada ya bandeji kufunguliwa nikaona nimtafutie kitu cha kutazama. Bibi huwa hataki televisheni, anasema "wanaongea mbio, nami sitafuni Kizungu." Hii alikaa.

Maji yalipokuja akasema, "Hayo si ya mvua ya hapo. Hayo yameshuka kutoka juu." Wakuu, huyu ni mtu wa Rufiji, anajua maji yanayokukuta jua likiwaka. Akauliza kwa nini hawana dungu. Nikamweleza kwamba hakuna watu, ni wanyama peke yao. Akatikisa kichwa, akaendelea. Yule mwenye vioo alimkasirisha kweli: "Maji yamefika kiunoni yeye ana kikapu!" Akanisimulia jirani yao aliyerudi ndani kufuata cherehani, miaka hiyo mama yangu bado anabebwa mgongoni. Hadithi hiyo hajawahi kunisimulia kabla.

Ilipoisha akasema, "Weka tena." Tukaiweka tena. Ni fupi, haifiki saa moja na nusu.

Na kwa vijana wanaopenda kompyuta: ilitengenezwa kwa Blender, programu ya bure. Binamu yangu anayo kwenye kompyuta yake mpakato chumbani, na sasa halali.

Fundi Saa

Mimi nina ya furaha na ya hasira, na ni filamu ileile.

A Quiet Place si mpya, ni ya 2018, lakini niliiona mwaka huu kwa mara ya kwanza, kibanda umiza (banda la video la mtaani), ikiwa imetafsiriwa. Kwa wasioijua: kuna viumbe havioni ila vinasikia, ukitoa sauti umekwisha. Familia moja inaishi kimyakimya, wanatembea peku juu ya mchanga waliomwaga njiani, wanaongea kwa lugha ya alama kwa sababu binti yao mkubwa ni kiziwi. Sasa mtafsiri, simtaji jina, alisema mfululizo mwanzo mwisho. Mtu ananyata kwenye ngazi, yeye anatangaza "hapa steringi anawaza, mama weee, leo kazi ipo!" Filamu ambayo kelele ndiyo kifo, nimeitazama kama mpira wa redioni. Nilitoka katikati, nimeacha hela yangu.

Nyumbani nina mdogo wangu wa kike, kiziwi tangu homa ya uti wa mgongo akiwa na miaka miwili. Nilimweleza kisa kwa mikono, akataka aione. Rafiki akanipatia isiyotafsiriwa kwenye flashi. Tukazima taa, nikazima na sauti, tuwe sawa.

Hapo ndipo nilipoiona. Yeye ndiye aliyekuwa ananitafsiria mimi. Alama zao ni za Kimarekani, si zetu, nyingi hakuzijua, lakini alikuwa anasoma nyuso: "baba ana hasira lakini si kwa mtoto," "mama anajua." Mimi na macho yangu yote nilikuwa sijaona. Kuna mahali binti anagombana na baba kuhusu kifaa cha masikio ambacho baba anakitengeneza kila mara na hakifanyi kazi. Mdogo wangu alisimamisha. Akaniambia mama alikuwa akimpeleka kwa huyu na yule kila mwaka apone, na alitamani mtu mmoja tu amwambie basi, inatosha. Alipojua kwamba Millicent Simmonds, aliyeigiza binti yule, ni kiziwi kweli, alirudia kuangalia sura yake muda mrefu.

Sasa kila Jumamosi tuna filamu yetu, bila sauti.

Mama wa Kigoma Ujiji

Fundi, nimesoma yako mara mbili, mpe salamu zangu mdogo wako.

Ila kwa watafsiri naomba nisimame upande wao. Mimi nimeishia darasa la saba. Lufufu, mtafsiri wa filamu, ndiye aliyenifungulia sinema za watu wa mbali. Bila sauti yake ningekuwa natazama midomo inavyocheza. Kenya nao wana DJ Afro, nenda vijijini uone watu walivyojaa. Mtafsiri mzuri anakwambia yule ni shemeji wa yule, na kwa nini kuvunja kile kikombe ni tusi kwao. Anakuwa kama mjomba aliyesafiri. Kosa la huyo wa kwako ni kwamba hakuitazama filamu kwanza. Angeitazama angejua pa kunyamaza.

Fundi Saa

Dada yangu wa Ujiji, hapo umenena. Nimekubali.

Mkunazini

Asalaam aleikum. Mie ni Vuta N'kuvute ya Amil Shivji. Nimeichelewa sana, ilikwenda tamasha la filamu la Toronto tangu 2021, mie nimeiona juzi. Kitabu cha Adam Shafi nilikisoma skuli nikakariri mpaka maneno ya Denge, basi nilikaa kama mtu anayesubiri mgeni akosee.

Kitabu kina safari nyingi zaidi na vichekesho zaidi. Filamu ni ya polepole, anayependa mbio atasinzia. Lakini ule mwanga! Jua la saa kumi linavyopita dirishani kwenye nondo za mbao, na Yasmin kakaa pale katoroka kwa mume mzee asiyemtaka, hana pa kwenda. Na Mwajuma, anayeigizwa na Siti Amina, akifungua kinywa kuimba, chumba chote kinakuwa chake. Mamaangu alisimama jikoni na mwiko mkononi akasikiliza wimbo mpaka mwisho, mchuzi ukashika chini. Nafurahi pia kwamba watu wanazungumza Kiswahili chetu bila kukipaka poda.

Pwani Kabisa

Hamjambo nyote. Mombasa hapa. Supa Modo ya Likarion Wainaina, Jo ana miaka tisa, ni mgonjwa wa kutopona, mamake anamtoa hospitali aje nyumbani, na kijiji kizima kinaamua kumfanya aamini ana nguvu za ajabu kama mashujaa wa sinema. Nafanya kazi wadi ya watoto. Nilifika dakika ya ishirini nikaizima, nikarudi siku ya pili mchana kweupe. Yule mama hakuandikwa na mtu asiyewahi kukaa kwenye kile kiti cha plastiki kando ya kitanda. Siwezi kusema zaidi.

Lizaboni

Wakuu, naleta ya kweli, si ya kuigiza. Kaburi Wazi, ya 2024, ya Cece Mlay na Agnes Lisa Wegner.

Mimi ni wa Songea. Kila Februari tunakumbuka mashujaa wa Majimaji walionyongwa 1906, shuleni tulikuwa tunapelekwa makumbusho ya Majimaji pale Mahenge, hapohapo Songea, kwa mstari, tunaambiwa nduna (kiongozi wa Wangoni) Songea Mbano alinyongwa na kichwa chake kikapelekwa Ujerumani. Nilikuwa naimba jina lake nikiwa mtoto bila kufikiria kwamba ana wajukuu, wana mashamba, wanapanda basi.

Filamu inawafuata hao wajukuu, na ukoo mwingine wa Meru wenye kidonda kilekile, wakienda kuulizia vichwa vya babu zao. Hakuna anayepiga kelele. Ni korido, faili, maofisa wapole. Ule upole ndio ulionichosha roho. Mtu anakueleza taratibu za kiofisi kuhusu fuvu la babu yako.

Steinmeier, rais wa Ujerumani, alikuja Songea tarehe 1 Novemba 2023 akaomba msamaha. Mzee wangu aliifuatilia kwenye redio siku ile, akazima, akaenda shambani. Filamu hii nilimwonyesha mwaka jana. Alikaa mpaka jina la mwisho kabisa, kisha akaniuliza: "Sasa kichwa kiko wapi?" Kaburi limekaa miaka mia na zaidi bila kichwa, nami sikuwa na jibu la kumpa.

Kisiki cha Mvule

Lizaboni, hiyo naitafuta wiki hii. Asante sana.

Chaki Nyeupe

Kwa ufupi: 12th Fail, ya Kihindi, 2023. Manoj anafeli darasa la kumi na mbili kwa sababu mwaka huo ofisa mmoja mwaminifu alikataza wizi wa mitihani, halafu yeye badala ya kumchukia anataka kuwa kama yeye. Anafanya kazi kwenye mashine ya kusaga unga, vitabu vimejaa vumbi jeupe. Nafundisha kidato cha nne. Nimewaonyesha wanaorudia mtihani, na hakuna aliyeomba ruhusa ya kwenda nje.

Fundi Saa

Mjukuu wa Rufiji, tumeitazama Flow Jumamosi. Hakukuwa na haja ya kuzima kitu chochote, wote tuliisikia sawa. Mdogo wangu anauliza: yule ndege karani, pale juu kwenye zile nguzo za mawe, anapoinuka kwenye mwanga, bibi alisema nini? Sisi tumebishana mpaka usiku.

Mjukuu wa Rufiji

Nimempigia simu, ameshafika nyumbani salama. Amesema ndege hakufa. Aliitwa, akaenda, na paka alikuwa anajua, ndiyo maana hakumfuata.