Mbeya hadi Njombe kwa baiskeli kupitia Kitulo: Phoenix au ya gia ya mtumba?

Kijana_wa_Uyole: Wakuu salaam. Nataka kutoka Mbeya hadi Njombe kwa baiskeli, napitia Isyonje, Kitulo, Makete. Ninayo Phoenix ya mzee, ile isiyo na gia, ipo tu nyumbani. Au ninunue mtumba ya gia 21, muuzaji ameniwekea hadi Jumamosi. Ipi itanifikisha?

Spoki36: Mbona umeficha yote ya muhimu? Unaenda mwezi gani? Mzigo kilo ngapi? Hiyo ya gia tairi ni inchi 26 au 29? Breki za diski au za raba? Na wewe mwenyewe umeshawahi kupanda mlima kwa baiskeli, au ndiyo unaanzia Kitulo?

Mama_Keria: Gia, hakuna mjadala. Mbeya mjini ni kama mita 1,700, kule juu unagusa 2,600. Kwa Phoenix utasukuma kama mkokoteni.

BabuPancha: Mnaidharau Phoenix bure. Watu wa Tukuyu wanabebea mikungu ya ndizi kwa hiyo hiyo. Spoki ikikatika, fundi wa kijijini anayo.

Mama_Keria: Wanashuka nazo, babu. Kupanda wanasukuma.

Soli_Imeisha: Yangu ilikuwa mtumba ya gia vilevile. Fundi aliyeniuzia aliapa breki ni mpya. Kupanda Kitulo siku mbili, safi kabisa. Nikaamua kurudi kwa kushukia Matamba kwenda Chimala, ile barabara ya kona 57. Mvua ilikuwa imepita asubuhi. Kona ya kumi na kitu breki ya nyuma ikaanza kupiga kelele. Ya ishirini nabana mpaka mkono wa breki unagusa usukani, baiskeli inateremka tu. Kuangalia, raba zimekwisha, chuma kinakwangua ringi. Ikabidi niwe nasimamisha kwa mguu, nakandamiza kandambili kwenye tairi la nyuma, soli ikaliwa mpaka nikaona kisigino. Halafu pancha. Tyubu ya akiba ninayo, ila ile ya valvu nyembamba, pampu ya bodaboda haikamati. Nikakaa juu ya jiwe zaidi ya masaa matatu, hadi lori la viazi likanionea huruma. Chimala niliingia nimekalia gunia. Beba raba seti mbili, na tyubu za valvu nene kama ya pikipiki.

Spoki36: Pole sana mkuu. Ila hizo kona 57 nani alizihesabu? Mimi niliishia 54.

Soli_Imeisha: Ulisinzia.

Spoki36: Nilikuwa napanda, nitasinziaje?

Kijana_wa_Uyole: Samahani, nilikuwa kazini. Mzigo kama kilo 15. Naenda mwezi wa pili, nataka nikute maua.

Mama_Keria: Februari! Mwanangu, maua utayakuta, na tope nalo litakukuta. Udongo unajaa kati ya tairi na fremu, gurudumu halizunguki, unabeba baiskeli begani. Nenda Juni. Baridi inauma vidole, ila barabara ni kavu.

BabuPancha: Juni akaone nini, nyasi? Ile hifadhi ya Kitulo inaitwa Bustani ya Mungu kwa sababu ya mvua. Aende Februari, akifika Makete anashika lami mpaka Njombe. Na ulanzi, pombe ya mianzi, ndiyo msimu wake.

Mama_Keria: Babu, mtu anaulizia baiskeli.

BabuPancha: Nami namjibu. Mpanda mlima anapoza koo.

Spoki36: Ulanzi wa asubuhi sawa, ukiwa bado mtamu. Wa jioni halafu ukamate mteremko? Hapana.

Soli_Imeisha: Tena bila raba za breki.

Kijana_wa_Uyole: Muuzaji amepiga simu, kuna mtu mwingine anaitaka. Nimemuuliza, tairi ni 29.

Spoki36: Muachie huyo mtu. Tyubu ya 29 Makete utaipata wapi? Tafuta ya 26.

Mama_Keria: Achukue, abebe tyubu tatu. Gia ni gia.

Kijana_wa_Uyole: Sasa nimechanganyikiwa zaidi ya mwanzo.

BabuPancha: Kijana, hiyo Phoenix ya mzee haiuzwi?