Ushauri: naenda kujitambulisha ukweni na chupa ya pisco, moyo hautulii

Kijana wa Pwani (mleta mada):
Wakuu, habari za jioni. Nina jambo linaninyima usingizi. Mimi Mtanzania, nasoma Santiago, Chile. Mwezi ujao mchumba ananipeleka kwao. Mzee wake ni mtu wa pisco, ile pombe kali ya zabibu. Nimeshanunua chupa nzuri kutoka Bonde la Elqui, hukuhuku Chile, imelazwa kwenye pipa la mwaloni mpaka ikashika rangi ya asali. Je, chupa moja inatosha au niongeze? Na nimkabidhi mbele ya watu au pembeni? Naomba ustaarabu.

Mama Ntilie Mstaafu:
Hongera mwanangu. Ila ukweni unaanzaje na pombe? Wenzako tulitumiwa mshenga na barua kwanza. Mtafutie mama mkwe kitenge cha maana, mengine yatafuata.

Zabibu za Hombolo:
Umenigusa mkuu. Sisi huku Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka, lakini soko ni kilio. Mnunuzi mmoja aliniahidi gari, halikuja, zabibu zikanyauka kwenye vichala huku naziangalia. Huko Chile mkulima analipwa kwa kilo au kwa mkataba?

Bwana Hesabu:
Mleta mada, "kwao" ni wapi?

Kijana wa Pwani:
Si Santiago, tunapanda ndege. Lakini hilo si la msingi, nimeuliza idadi ya chupa.

Bwana Hesabu:
Ndilo la msingi. Taja.

Kijana wa Pwani:
Haya. Ni Peru, mkoa wa Ica. Mzee ana shamba la zabibu na mtambo wa shaba, pisco anapika mwenyewe. Ila chupa yangu ni ya bei, na mchumba aliiona hakusema neno.

Abuu Salha:
Ndugu yangu, zabibu Mola katupa tule. Beba tende na nia njema, utapokelewa.

Mpishi wa Melini:
Kijana, hakusema neno kwa sababu anakupenda. Nimefanya kazi melini, bandari ya Callao kule Peru tumetia nanga sana, na ugomvi wa Peru na Chile juu ya pisco nimeusikia mpaka masikio yakachoka. Peru wanasema jina ni la bandari yao ya Pisco, iliyo hukohuko Ica unakokwenda. Chile nao wamelilinda kisheria tangu 1931, na mwaka 1936 kijiji cha La Unión kule Elqui kikabadilishwa jina, kikaitwa Pisco Elqui. Na kazi yenyewe ni mbili tofauti. Ya Peru inapikwa mara moja tu, haitiwi maji, kisha inapumzika miezi 3 au zaidi kwenye chombo kisichoipa rangi wala harufu. Mbao ni marufuku. Chile wanaruhusiwa maji, wanaruhusiwa na mapipa. Hiyo rangi ya asali unayojivunia, yule mzee ataiona kabla hujafungua mdomo.

Kijana wa Pwani:
Nashukuru, ila mnakuza. Mzee ni muungwana, ataheshimu kazi ya fundi mwenzake. Hata yeye ghalani ana mapipa, nimeona picha.

Mpelelezi Huru:
Umeshikwa! Mbao marufuku, mapipa ya nini? Hii chai, wakuu. Hakuna mchumba, hakuna Ica.

Dereva wa Usiku:
Nilishaanza kutafuta vitafunwa.

Kijana wa Pwani:
Picha ninayo, ila siweki nyumba ya watu mtandaoni.

Mpishi wa Melini:
Mapipa si ushahidi, Ica wanatengeneza mvinyo pia. Mzee analima zabibu gani?

Kijana wa Pwani:
Quebranta kwa wingi. Na Torontel kidogo, ile inayonukia maua.

Mpelelezi Huru:
Hayo yote yamejaa mtandaoni.

Mpishi wa Melini:
Mimi namwamini. Sikiliza, Elqui kanywe na wenzako Santiago. Mzee mpelekee Carménère, mvinyo mwekundu wa Chile. Zabibu yake Chile waliiita Merlot, ambayo ni aina nyingine, miaka na miaka, mpaka 1994 Mfaransa Jean-Michel Boursiquot alipoitambua shambani. Peru hawagombanii hiyo, na mkulima wa zabibu atataka kusikia kisa chake.

Kijana wa Pwani:
Carménère nitanunua. Elqui nayo naibeba, itakaa begini nisome upepo. Pesa yangu imetoka jasho.

Bwana Hesabu:
Kwa hiyo ushauri uliomba wa nini?

Mpelelezi Huru:
Weka tiketi, ficha jina.

Kijana wa Pwani:
Sidaiwi ushahidi na mtu. Mpishi, hiyo Carménère inakwenda na chakula gani?

Mpishi wa Melini:
Ng'ombe wa kuchoma. Ifungue mapema ipate hewa, na mimina ya mzee kwanza.