Mdogo wangu yuko Texas, anataka kuvunja 401(k), akaunti yake ya akiba ya uzeeni ya kazini, anunue kiwanja Iyumbu hapa Dodoma. Mnashaurije?

DadaMkubwa_Nkuhungu

Habari za jioni wakuu. Naomba msaada kwa wanaoelewa mafao ya Marekani, maana hapa Dodoma kila ninayemuuliza ananijibu kwa hesabu za NSSF na PSSSF.

Mdogo wangu ana miaka 36, ana grini kadi, na huu ni mwaka wake wa 7 kazini kwenye ghala moja huko Texas. Analipwa dola 19 kwa saa, saa 40 kwa wiki. Kwenye 401(k) ana dola 31,000. Anakatwa 3% ya mshahara, na mwajiri anaongeza senti 50 kwa kila dola anayoweka, mpaka mchango wa mdogo wangu ufike 6% ya mshahara. Kadi ya mkopo anadaiwa dola 6,400 kwa riba ya 24% kwa mwaka, na kila mwezi analipa kile kiwango cha chini tu. Akiba ya dharura hana.

Mwezi ujao anahamia kwa mwajiri mwingine, na ameambiwa akiondoka anaweza kuchukua hela yote. Anataka aivunje anitumie, ninunue kiwanja Iyumbu nianze kumjengea vyumba vya kupangisha. Anasema hata hivyo Social Security, mfuko wa serikali yao wa pensheni, inaisha 2033, kwa hiyo bora nyumba.

Maswali yangu: akivunja anabaki na ngapi mkononi? Hiyo ya 2033 ni kweli? Na kati ya deni la kadi na kiwanja, kipi kitangulie?

Mhasibu_AreaC

Dada, mwambie asisaini karatasi yoyote kabla hajaiona hesabu hii.

Akichukua 31,000 taslimu kabla ya kufikisha miaka 59 na nusu, kuna faini ya 10%, yaani dola 3,100. Halafu hela yote inajumlishwa kwenye kipato chake cha mwaka na kutozwa kodi. Mshahara wake ni kama 39,500 kwa mwaka. Kwa viwango vya 2025 vya mtu asiye na mwenza, akishatoa 15,750 isiyotozwa kodi, sehemu kubwa ya hizo 31,000 inaangukia kwenye ngazi ya 12%, na dola 5,000 hivi za mwisho zinapanda ngazi ya 22%. Kodi inakuja kama 4,200. Ukijumlisha na faini, takribani dola 7,300 zimeondoka. Bahati yake Texas haina kodi ya mapato ya jimbo. Majimbo mengi yangeongeza makato yao juu ya hapo. Anabaki na 23,700.

Mtego uko hapa. Siku ya kulipwa watamkata 20% papo hapo, dola 6,200, na ataona 24,800 zimeingia benki. Atadhani kodi imekwisha. Haijaisha. Aprili, wakati wa kuwasilisha ritani, atadaiwa nyingine kama 1,100, na hapo hela itakuwa imeshakuwa tofali huku Iyumbu. Watu wengi hulipia deni hilo la kodi kwa kadi ya mkopo, kama hiyo yake ya 24%.

Kuchukua hela hiyo leo ni kula mbegu mwezi wa Novemba. Kwa mfano wa hesabu tu, 31,000 ikikua 5% kwa mwaka kwa miaka 31 inafika kama 140,000 akiwa na miaka 67. Siyo ahadi, soko hupanda na kushuka, lakini ndiyo sababu sheria inatoza faini.

Sasa kadi. Kiwango cha chini kwa kawaida ni 1% ya deni pamoja na riba ya mwezi. Kwake riba ni dola 128 kwa mwezi, ukiongeza 64 za deni lenyewe analipa 192. Mwezi unaofuata kiwango kinashuka kidogo, naye analipa pungufu, na hapo ndipo deni linapogoma kuisha. Akiendelea hivyo miaka 10 bila kuongeza hata manunuzi ya dola moja, atakuwa amelipa riba karibu dola 9,000 na bado anadaiwa kama 1,900. Akiamua kulipa 300 kila mwezi bila kupunguza, anamaliza ndani ya miezi 29 na riba yote haizidi 2,100 hivi. Tofauti ni dola 108 tu kwa mwezi wa kwanza.

Na asifikirie kuvunja 401(k) ili alipe kadi. Faini na kodi zinakula karibu robo ya kila dola, sawa na riba ya kadi ya mwaka mzima inayolipwa kwa siku moja. Zaidi ya hapo, sheria ya shirikisho inailinda hela iliyo ndani ya 401(k), wadai wa kadi hawaigusi. Akiitoa, ulinzi umekwisha.

Mzabibu_Hombolo

Naongezea kwa Mhasibu kuhusu lile 3%. Mwajiri anaongeza nusu mpaka 6%, maana yake mdogo wako anaacha mezani karibu dola 593 kila mwaka. Akipandisha mchango wake mpaka 6%, mshahara wa kupeleka nyumbani unapungua kama dola 20 kwa wiki, kwa sababu mchango unatoka kabla ya kodi ya mapato. Hakuna mkopo wala kiwanja kinachorudisha 50% siku hiyohiyo. Huko aendako aulize mambo mawili siku ya kwanza: mwajiri anaongeza kiasi gani, na hela ya mwajiri inakuwa yako kabisa baada ya muda gani. Sheria inaruhusu mwajiri aiachie yote kwa mkupuo baada ya miaka 3, au kidogo kidogo mpaka mwaka wa 6. Anayeondoka mapema anaiacha. Mdogo wako ameshapita miaka 6, hapo alipo yote ni yake.

Social Security: mwaka 2033 hauna maana hiyo. Ripoti ya wadhamini ya 2025 inasema akiba ya mfuko wa uzeeni itakwisha 2033, lakini makato ya kila mwezi yanaendelea kuingia, 6.2% ya mfanyakazi na 6.2% ya mwajiri, na yanatosha kulipa 77% ya mafao hata kama Bunge lao halitabadili kitu. Kupungua ni jambo zito, lakini 77% siyo sifuri.

Jambo la kumtia hofu kweli ni hili: mwaka wa 7 ana pointi 28 za Social Security (zinahesabiwa kwa kipato cha kazi) kama alifanya kazi mfululizo, na zinatakiwa 40 ndipo apate pensheni. Kwa mwaka mtu hapati zaidi ya pointi 4. Mwaka 2025 pointi moja ni kipato cha dola 1,810. Akirudi nyumbani sasa, hapati kitu. Na Marekani haina mkataba na Tanzania wa kuunganisha miezi ya kuchangia, kwa hiyo hata akija kuchangia NSSF huku, miezi hiyo haijazi pengo la kule.

Akivumilia mpaka miaka 12, tazama inavyokuwa. Wanachukua miaka 35 ya mapato makubwa, na miaka isiyokuwepo wanaandika sifuri. Mapato yake ya miaka 12 yakigawanywa kwa miezi 420 yanatoa wastani wa dola 1,129. Kwa viwango vya 2025, wastani ulio chini ya 1,226 unalipwa 90%, kwa hiyo anapata kama dola 1,016 kwa mwezi akisubiri miaka 67, au 711 akichukua akiwa na 62. Huo mfumo unambeba mwenye kipato cha chini, na inaniuma kuona watu wanauacha wakiwa na pointi 32 au 36 kwa sababu ya uvumi.

BwanaArdhi_Makole

Mimi nasimama upande wa nyumba kidogo. 401(k) siyo pensheni kama ya PSSSF inayolipa mpaka kufa. Ni akaunti, ikiisha imeisha. Chumba cha kupangisha Dodoma kinaendelea kuingiza hela ya wapangaji, na mji bado unapanuka. Kwa hiyo wazo lake siyo baya, ila chanzo cha hela ndicho kibaya.

Na kwenye kiwanja chenyewe, dada, barua ya mwenyekiti wa mtaa inamtambulisha muuzaji, haithibitishi umiliki. Chukua namba ya kiwanja na kitalu, nenda ukafanye upekuzi kwa Msajili wa Hati, uone jina la mmiliki, kama kuna rehani au zuio, halafu uliza deni la kodi ya pango la ardhi. Mtafute mpima athibitishe mawe yako pale ramani inaposema. Uwe makini zaidi na viwanja vya enzi za CDA, ile Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu iliyokuwa inagawa viwanja Dodoma. Mamlaka hiyo ilivunjwa 2017 na kazi zake zikahamia halmashauri, na hadi leo kuna viwanja vyenye makaratasi ya watu wawili. Uliza pia bomba la DUWASA, mamlaka ya maji ya Dodoma, liko umbali gani, maana kuvuta maji kunaweza kukushangaza kuliko kupiga plasta.

Kiwanja kiandikwe jina lake, na wewe uwe na hati ya uwakili iliyosajiliwa. Akiwa na grini kadi bado ni Mtanzania. Ila akipanga kuchukua uraia wa Marekani, azungumze na mwanasheria wa ardhi kabla ya kiapo, siyo baada, kwa sababu hatuna uraia pacha na asiye raia hamiliki ardhi kama raia.

DadaMkubwa_Nkuhungu

Asanteni sana, nimemsomea kwa simu yote, amekaa kimya kwanza. Sasa anauliza: kama havunji, hiyo 31,000 anaihamishaje? Na akitaka kujenga taratibu, aweke hela wapi ambayo siyo jela ya mpaka miaka 59?

Mhasibu_AreaC

Aombe uhamisho wa moja kwa moja, kwenda 401(k) ya mwajiri mpya kama inapokea, au kwenda IRA, akaunti ya uzeeni ambayo mtu anaifungua mwenyewe bila mwajiri. Asikubali hundi yenye jina lake peke yake. Hundi iandikwe kwa taasisi mpya, kwa manufaa yake. Ikiandikwa kwake, wanakata 20% hata kama nia ni kuhamisha, anapokea 24,800, kisha ana siku 60 za kuweka 31,000 kamili. Zile 6,200 atazitoa wapi? Asipozipata zinahesabika amezitoa, faini na kodi juu yake. Anaweza pia kuiacha ilipo, kwa kuwa imezidi 7,000. Ni salio lisilozidi hapo ndilo mwajiri wa zamani anaweza kulitoa bila ridhaa ya mwenyewe.

Kama ana mkopo ndani ya 401(k) hiyo, aseme sasa. Akiondoka kazini, salio lisiporudishwa mpaka siku ya mwisho ya ritani linageuka kuwa hela iliyotolewa.

Ya kujengea aiweke Roth IRA. Inawekwa hela iliyokwishakatwa kodi, kikomo ni dola 7,000 kwa mwaka 2025, na kile alichochangia mwenyewe anaweza kukitoa siku yoyote bila kodi wala faini. Faida iliyozaliwa humo ndiyo isiyoguswa. Kabla ya hapo aweke kwanza dola 1,000 mpaka 1,500 kwenye akaunti ya akiba ya kawaida, vinginevyo tairi moja la gari litamrudisha kwenye kadi. Kisha 6% kwa mwajiri mpya, kisha 300 za kadi kila mwezi kwa makato ya kiotomatiki, na kadi yenyewe isitumike.

Baada ya miezi 29 hizo 300 zinakuwa huru. Hizo ndizo za Iyumbu.

Mzabibu_Hombolo

Na moja la mwisho kwa anayepanga kuzeekea huku. Hakuna mkataba wa kodi kati ya Marekani na Tanzania, kwa hiyo asiye raia wala mkaazi wa Marekani akitoa 401(k) akiwa Dodoma, kwa kawaida anakatwa 30%. Social Security anakatwa 30% ya sehemu ya 85% ya fao, sawa na 25.5%. Asiye raia akikaa nje ya Marekani zaidi ya miezi 6 malipo yanaweza kusimama, na misamaha inategemea uraia na miaka aliyochangia. Ayaulize haya kabla ya kukata tiketi ya kurudi. Leo afungue akaunti kwenye tovuti ya Social Security, aangalie mwaka kwa mwaka kama mapato yake ya miaka yote 7 yameandikwa. Mwaka ukiwa na sifuri wakati alifanya kazi, fomu ya W-2 ya mwaka huo, ile anayopewa na mwajiri yenye mapato na makato yake, ndiyo ushahidi wa kurekebishia, kwa hiyo asitupe hata moja.